Kuotesha Bogenvilia Nyumbani kwa Pingili

Pingili nyingi za bogenvilia zinazokufa katika nyua zetu hapa Uganda hazifi kwa kiu, zinakufa kwa maji. Mtu huomba tawi kwa jirani, hulichomeka kwenye udongo mwekundu wa uani, hulimwagilia asubuhi na jioni kwa moyo mmoja, na baada ya wiki chache hulikuta limekuwa jeusi na laini upande wa chini, ingawa upande wa juu lilikwisha kuanza kuchipua. Bogenvilia iliyokwisha kushika ardhi ni mmea mgumu sana, unaoweza kupanda ukutani na kuchanua bila mtu kuutazama, lakini kabla ya kupata mizizi una masharti yake, na karibu masharti hayo yote yanahusu mambo mawili: hewa kwenye udongo na mizizi isiyoguswa.

Asili ya mmea huu ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazil, Peru na Argentina. Ulipewa jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye msafara wake ulizunguka dunia kati ya mwaka 1766 na 1769; mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, aliukusanya karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767. Ni mmea unaovumilia ukame na unaochanua vizuri zaidi udongo ukikauka, na ndiyo maana hapa kwetu rangi zake huwaka kuanzia Desemba hadi Februari, na tena katikati ya mwaka, mvua zinapopungua. Mmea wa namna hiyo ukiwekwa kwenye tope huoza, hata kama tope hilo limejaa mbolea nzuri.

Tawi la kukata, na wakati wa kulikata

Bogenvilia za rangi ya zambarau, zile zenye majani laini zinazoonekana kwenye nyua nyingi za Kampala, Jinja na Entebbe, ndizo rahisi zaidi kuotesha, na anayeanza kujifunza namshauri aanze nazo. Zile zenye maua yaliyojazana mafungumafungu, pamoja na zile zenye majani ya mabaka meupe, ni ngumu zaidi, na kwazo kuna njia nyingine nitakayoieleza mbele. Kwa aina zote faida ya pingili ni ileile: mche utakaopatikana utakuwa na rangi ya mti mama bila kubadilika, jambo ambalo mbegu haiwezi kuahidi, na kwa kweli bogenvilia nyingi za bustani hazitoi mbegu za kutegemewa.

Tawi linalofaa ni lile lililokwisha kukomaa lakini halijawa gogo. Gome lake limeanza kugeuka kutoka kijani kwenda rangi ya kijivu au kahawia, unene wake ni wa penseli au umezidi kidogo, na ukilipinda linakataa kabla ya kuvunjika. Ncha za kijani zinazopindika kama kamba hunyauka upesi na kuoza. Usikate tawi lililojaa rangi, hata kama ndilo lililokuvutia. Sehemu ile yenye rangi si petali. Ni majani maalumu matatu yanayozunguka vijiua vidogo vyeupe, na wakati yanapong'aa chakula cha tawi huelekea huko badala ya kubaki kwenye shina, ambamo pingili itakitegemea kwa wiki nyingi. Subiri rangi ipukutike, kisha kata kabla machipukizi mapya hayajarefuka.

Kwa kusini na katikati ya Uganda, wakati huo huangukia mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, na tena mwezi wa Agosti, yaani mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua kubwa kufunguka. Ratiba hii ina faida ya pili: pingili iliyokatwa Februari inakuwa mche ulio tayari kwenda ardhini mvua za Septemba zinapoanza, na iliyokatwa Agosti inaingia ardhini kwa mvua za Machi na Aprili. Aliyeko Gulu, Lira au Kitgum, ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, akate mwezi Machi ili mche upate kupandwa mvua zikiwa bado zipo. Aliyeko Kabale ajue kwamba baridi ya milimani huchelewesha mizizi, kwa hiyo aweke vipando vyake karibu na ukuta unaopata joto la mchana, na aongeze subira.

Matawi hayanunuliwi. Wenye nyumba hupogoa nyua zao mvua zinapokaribia, na marundo ya matawi hutupwa kando ya njia. Salamu na ombi la heshima, "Mzee, ukipunguza ua wako naomba unibakizie matawi manene kidogo," hutosha, na mara nyingi utapewa zaidi ya unavyoweza kubeba. Vaa glavu nzito, kwa sababu miiba yake imepinda na jeraha lake huweza kuvimba.

Fanya kazi asubuhi, matawi yakiwa bado yamejaa maji. Yafunge kwenye kitambaa kibichi na uyaweke kivulini mpaka ufike nyumbani, na uyapande siku hiyohiyo.

Kutayarisha pingili

Mkasi wa kupogolea au kisu kiwe kikali kweli, na kipanguswe kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohamia mti mwingine. Kisu butu huponda gome, na gome lililopondwa ndipo uozo unapoingilia.

Kila pingili iwe na urefu wa sentimita 15 hadi 20 na macho yasiyopungua manne. Jicho ni pale jani lilipoota, mahali penye uvimbe mdogo na mwiba kando yake. Upande wa chini kata moja kwa moja, chini tu ya jicho, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Upande wa juu kata kwa mshazari, kama sentimita moja juu ya jicho, ili maji yateleze. Mikato hii miwili tofauti inakusaidia pia kukumbuka upande wa juu ni upi, maana pingili zikishachanganyika mezani bila majani hufanana pande zote mbili, na iliyopandwa kichwa chini haitakupa mti.

Ondoa majani yote ya nusu ya chini. Juu unaweza kuacha majani mawili, uyakate nusu ili yasipoteze maji, au uyaondoe yote kama tawi ni nene. Pingili nene haiyahitaji. Vunja na miiba ya chini, kwa kuisukuma upande mpaka iachie. Kisha geuza kisu na kwangua gome la upande mmoja wa chini, ukanda mwembamba wa sentimita mbili hivi, mpaka uone rangi ya kijani iliyofifia inayoteleza kidogo kidoleni. Hapo ndipo palipo na chembe hai zinazoweza kugeuka mizizi, na mkwaruzo huo huzipa nafasi ya kutoka.

Kuhusu dawa ya kuotesha mizizi, maoni yangu ni kwamba kwa bogenvilia inastahili gharama yake. Ni unga mweupe wenye homoni iitwayo IBA, unaouzwa katika maduka ya pembejeo; Kampala utaupata kwa wauzaji wa Container Village. Kwa matawi yaliyokomaa tafuta wenye nguvu ya asilimia 0.3 hadi 0.8, kiwango ambacho huandikwa kwenye kopo. Mimina unga kidogo kwenye kifuniko cha chupa badala ya kuchovya pingili ndani ya kopo, kwa sababu unyevu na vijidudu vitaharibu unga wote uliobaki. Chovya sentimita mbili za chini zikiwa na unyevu kidogo, kisha gonga pingili taratibu ili unga wa ziada udondoke, maana dawa ikizidi haisaidii. Asiyeupata apande tu bila huo; pingili zitakazoshika zitakuwa chache zaidi, kwa hiyo aongeze idadi. Wapo wanaochovya kwenye asali. Asali haina homoni ya mizizi, na sioni sababu ya kuipoteza udongoni.

Udongo na chombo

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Udongo mwekundu wa vilima vya Buganda na Busoga ni mzuri kwa ndizi na kahawa, lakini ndani ya chombo kidogo hushikamana na kufukuza hewa, na ukikauka unakuwa kama tofali. Tumia sehemu mbili za mchanga wa chembe kubwa, wa mto au wa ziwa, sehemu moja ya chenga za mkaa, na sehemu moja ya mboji iliyooza kabisa na kuchekechwa. Chenga za mkaa hazikosekani chini ya gunia katika nyumba inayopikia sigiri. Zipondeponde mpaka zilingane na punje za mahindi yaliyovunjwa, na uzioshe ili vumbi litoke. Mchanga nao uoshwe kwenye beseni, maji yabadilishwe mpaka yabaki meupe, kwa kuwa vumbi la mfinyanzi lililojificha ndani yake ndilo linaloziba njia za hewa. Samadi isiingie kabisa katika hatua hii. Mchanganyiko ukiwa tayari, umwagie maji yanayochemka na uuache ujichuje na kupoa. Hivyo utakuwa umeua wadudu na kuvu wengi.

Kuujaribu ni rahisi: shika konzi moja iliyoloana na uikaze. Ukifungua mkono, bonge lisimame kidogo kisha lisambaratike kwa kuguswa. Likibaki bonge, ongeza mchanga.

Mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika upesi sana, nayo haifungamani na udongo kama ya mimea mingine. Wengi hupanda pingili kumi kwenye beseni moja, zote zikashika vizuri, halafu zikafa siku ya kutenganishwa. Kwa sababu hiyo kila pingili ipate chombo chake tangu siku ya kwanza. Viriba vyeusi vya kitaluni, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, vinafaa, ila mimi napendelea chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja na nusu, zilizokatwa shingo na kutobolewa matundu sita au zaidi kwenye kitako na ubavuni karibu na chini. Kila chupa naivisha gazeti lililofungwa kwa uzi, kwa kuwa mizizi haipendi mwanga. Ninapotaka kujua hali ya ndani navuta gazeti juu, natazama ukuta wa chupa, na kulirudisha. Kwa njia hii hakuna haja ya kung'oa pingili kuichungulia, tabia ambayo imeua miche mingi kuliko ukame.

Toboa shimo kwa kijiti kwanza, ndipo utie pingili, ili unga wa homoni usifutike njiani. Macho mawili au matatu yaingie udongoni, mengine yabaki nje. Bana udongo kwa vidole viwili kuizunguka, mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, na uache yaishe kabisa kabla ya kupanga chupa mahali pake.

Mahali pa kuweka, na wiki za kungoja

Pingili haina mizizi, kwa hiyo inahitaji unyevu hewani na ukavu wa kiasi udongoni. Funika chupa zako kwa kavera, yaani plastiki nyembamba, linaloonyesha ndani, lililotandazwa juu ya fito zilizopindwa au waya, lisiguse majani. Kila siku lifunue kwa muda mfupi, hewa ibadilike, kisha urudishe. Maji unyunyize tu udongo wa juu ukiwa umekauka kina cha sentimita mbili. Chini ya kavera hilo linaweza kuchukua siku kadhaa, na hapa ndipo mkono uliozoea kumwagilia kila jioni unapotakiwa kujizuia.

Mahali pawe na mwanga mwingi bila jua kali la mchana: barazani upande wa mashariki, au chini ya mti wenye majani machache. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna jambo la kuangalia ambalo vitabu vya nchi za mbali haviligusii. Jua letu huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, hivyo ukuta wa kusini uliokuwa kivuli tupu katikati ya mwaka unaweza kupata jua ifikapo mwisho wa mwaka. Chagua mahali kwa kuangalia jua la miezi inayokuja. Vilevile pakingwe na mvua yenyewe. Mvua ya Aprili inayoshuka kutoka kwenye bati bila mfereji hujaza chupa kwa dakika chache na kuchimbua udongo wote.

Panga chupa juu ya matofali au ubao ulioinuliwa, usiziweke chini. Mchwa hupenda kijiti kilichosimama udongoni, na pingili isiyo na mizizi machoni pao ni kijiti tu. Konokono nao hupanda usiku wakatafuna machipukizi. Waokote kwa mkono asubuhi na mapema.

Baada ya wiki mbili hadi nne macho ya juu yatafunguka na vijani vyekundu vyekundu vitatokea. Usifurahi haraka, na usiiondoe pingili kivulini. Vijani hivyo vinalishwa na akiba iliyokuwa ndani ya shina, navyo vinaweza kutoka kabla mzizi wowote haujaanza. Chini, mahali ulipokata, kwanza huota kovu jeupe lenye vinundu, na mizizi hufuata baadaye, kwa kawaida kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Pingili inayoendelea kutoa majani mapya baada ya muda huo, majani yanayokua na kufikia ukubwa wa kawaida, hiyo imeshika. Ile iliyotoa vijani vidogo vikasimama palepale kisha vikasinyaa imemaliza akiba yake.

Kama una shaka, kwangua gome la juu kwa ukucha mahali padogo. Kijani kibichi maana yake ni uhai. Kahawia na ukavu maana yake imekufa mpaka hapo. Gome la chini likiwa jeusi, likivuliwa linatoka kama soksi lililoloa na kunuka, toa chupa hiyo mara moja na utupe udongo wake mbali na zile nyingine. Kupoteza baadhi ni kawaida. Ukitaka miche mitano panda pingili kumi na mbili au kumi na tano.

Kwa aina ngumu

Bogenvilia za maua mafungu na zile za majani ya mabaka nashauri zioteshwe mizizi zikiwa bado juu ya mti mama. Chagua tawi lenye unene wa penseli hadi kidole gumba, toa gome kulizunguka kwa upana wa sentimita mbili hadi tatu, na kwangua ute wote unaoteleza ili gome lisiungane tena. Pake homoni ukingo wa juu wa jeraha, zungushia konzi ya mboji nyepesi au kuvumwani iliyoloweshwa na kukamuliwa, funga kwa plastiki pande zote mbili, kisha funika kwa gazeti. Mti mama unaendelea kulinywesha tawi, kwa hiyo hatari ya kunyauka ni ndogo. Baada ya miezi miwili hadi mitatu mizizi itaonekana kupitia plastiki; kata chini ya fundo hilo na upande kwenye kiriba, ukiweka kivulini kama ulivyofanya kwa pingili.

Tawi refu la chini linaweza pia kulazwa ardhini, likakwaruzwa upande wa chini, likafukiwa sehemu ya kati na kubanwa kwa jiwe. Njia hii haihitaji kifaa chochote, ila ni ya polepole.

Kutoka chupani hadi ardhini

Mizizi ikishaonekana kwenye ukuta wa chupa kwa wingi, mieupe na yenye matawi, anza kufunua kavera: saa chache kwa siku, kisha nusu siku, mpaka baada ya wiki moja na nusu mche uwe wazi kabisa. Usogeze kwenye jua la asubuhi kwanza, la mchana baadaye. Majani ya mwanzo yakipauka kidogo si neno, yatakayofuata yatakuwa yamezoea.

Kuhamishia kwenye kiriba kikubwa kunataka utulivu. Usivute mche kwa shina, wala usigonge chupa. Mwagilia siku moja kabla ili udongo ushikamane kiasi, weka chupa ndani ya shimo la kiriba kipya likiwa limekwisha kutayarishwa, pasua chupa kwa wembe kuanzia juu hadi chini pande mbili, chomoa plastiki taratibu, na jaza udongo kandokando bila kuukandamiza. Udongo wa hatua hii unaweza kuwa wa kawaida wa juu, uliochanganywa na mchanga na mboji. Mche ukifikia sentimita 30, kata ncha yake ili utoe matawi pembeni. Usiokatwa hurefuka kama fimbo moja na baadaye hulala.

Mvua zinapoanza, chimba shimo la sentimita 45 kwa upana na kina mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kwa uzio acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Jihadhari na matangi ya maji, nyaya za umeme na njia ya watoto, kwa kuwa mmea huu hurefusha matawi yenye miiba kwa kasi. Kiriba pasua palepale shimoni kama ulivyopasua chupa. Mahali panapotuama maji, pandisha tuta kwanza na upande juu yake. Mbuzi wa mtaani hula majani machanga pamoja na miiba yake laini, hivyo zungushia vijiti mpaka shina likomae.

Mwagilia mara mbili kwa wiki mvua zisiponyesha, kwa miezi mitatu hivi ya kwanza, kisha punguza. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, hata samadi ya kuku inayomwagwa kila mwezi, italeta majani mapana ya kijani na rangi kidogo sana. Vidukari na vidung'ata wakijikusanya kwenye ncha, maji ya sabuni yaliyopulizwa jioni yanatosha kwa kawaida. Mche uliopandwa Septemba unaweza kuonyesha rangi chache katika kiangazi cha kwanza au cha pili. Ukichelewa na majani yake ni ya kijani kilichokolea, acha kuumwagilia mpaka majani yaanze kulegea kidogo saa za mchana, halafu mpe maji mara moja, na urudie hivyo kiangazi chote.